Baba ana ini lililosinyaa kwa pombe, kila mtu ananipa orodha ya vya kumkataza. Sasa ale nini?

Binti wa Kibosho

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Naomba msaada kwa mwenye uelewa, na mnivumilie maana ni ndefu.

Baba yangu ana miaka 63. Alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani, na pombe ilikuwa kama sehemu ya kazi. Mchana mbege kilabuni, jioni vitu vikali. Enzi za viroba, vile vipakiti vya pombe kali, alikuwa anatembea navyo kwenye mfuko wa shati. Serikali ilipovipiga marufuku mwaka 2017 sisi nyumbani tulishangilia, yeye akahamia gongo.

Mwaka jana tumbo likaanza kujaa, miguu ikavimba, macho yakawa ya njano. Altrasaundi ikaonyesha ini lina makovu na limesinyaa, wengu umekuwa mkubwa, maji tumboni. Akatolewa maji, akaanzishiwa spironolaktoni na furosemidi, dawa za kukojoa, na ile dawa tamu ya kuharisha, laktulosi. Homa ya ini B hana, C hana. Pombe hajagusa tangu alazwe, na kwa mtu niliyemjua mimi, hilo peke yake ni muujiza.

Shida ni chakula. Siku ya kuruhusiwa tuliambiwa "punguzeni chumvi na protini", basi, karatasi ikaishia hapo. Tukifika nyumbani shangazi akakataza nyama, mama mmoja wa jumuiya akakataza mayai, jirani akakataza mafuta, mwingine maziwa. Ukijumlisha marufuku zote baba amebakiwa na ndizi za kuchemsha, papai na chai ya rangi. Saa 1 jioni anakula kidogo, analala, halafu hatii kitu mdomoni mpaka saa 4 asubuhi kwa sababu anasema dawa zinamjaza tumbo.

Uzito baada ya kutolewa maji ni kilo 55. Lakini usimwangalie tumbo, mwangalie mikono. Saa yake ya mkononi sasa inapanda mpaka karibu na kiwiko.

Na maradhi hayamwachi. Alianza na kifua, kikaja kidonda cha mguu kisichofunga, na juzi juzi kalazwa tena, yale maji ya tumboni yamepata maambukizi. Daktari akasema kinga imeshuka. Kaka zangu walioko Dar wamesikia neno "kinga" wakaanza kutuma vidonge vya kuongeza kinga. Kopo moja bei yake inanunua trei za mayai na chenji inabaki, na mayai yenyewe ndiyo hayo nimekatazwa kumpa.

Maswali yangu: nyama na mayai kweli ni sumu kwake? Hiyo kinga inaongezwa na nini? Na kuna wazee wanamwambia mbege kidogo haina neno kwa sababu ni chakula, ni ulezi na ndizi tu. Niwajibu nini bila kuonekana sina adabu?

---

Mtoto wa Himo

Pole sana dada. Mjomba wangu alikuwa hivyohivyo. Tulimkata nyama yote, maziwa yote, tukampa juisi ya limao na vitunguu swaumu na mwarobaini kila asubuhi kabla hajala, ini likasafishika. Nyama inatoa amonia, ile sumu inayobaki protini ikivunjwa mwilini, amonia inapanda kichwani mtu anachanganyikiwa. Hii ni sayansi, hata madaktari wanajua. Asile kitu kizito, ini lipumzike.

---

Afisa Lishe Mstaafu

Mwanangu wa Kibosho, marahaba. Pole kwa kumuuguza mzee. Nimefanya kazi ya lishe wodini mpaka nikastaafu, na wagonjwa wa ini la pombe nimewalisha wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kwa hiyo nitasema kwa urefu, na kwa ukali kidogo, si kwako bali kwa hayo makatazo.

Umeandika maradhi, uzito na dawa. Lakini jambo kubwa kuliko yote umelitaja kwa kupita: anakula saa 1 jioni, anakula tena saa 4 asubuhi. Hesabu. Ni saa 15 bila chakula, kila siku ya Mungu. Mtu mwenye ini zima ana akiba ya sukari ndani ya ini inayomvusha usiku. Ini lenye makovu halina nafasi ya kuweka akiba hiyo. Usiku mmoja wa baba yako ni sawa na siku mbili tatu za njaa kwako wewe. Mwili unafanyaje? Unavunja misuli yake na kuigeuza sukari. Mikono unayoiona imekwisha hivyo, usiku kwa usiku, akiwa amelala kitandani kwake na sufuria la ndizi liko jikoni.

Kwa hiyo kabla ya vidonge vya Dar, anza na hili: kabla ya kulala apate kitu chenye wanga usiopungua gramu 50, na protini kidogo. Vipande viwili vya mkate, ndizi mbivu moja na glasi ya maziwa vinatosha na kuzidi. Au bakuli la uji wa ulezi uliokolea, uliopikwa kwa maziwa. Saa 3 au saa 4 usiku. Kule New Zealand walipima jambo hili kwa wagonjwa wa aina hii, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kirutubisho kilekile, wengine wakapewa mchana, wengine usiku, kwa mwaka mzima. Waliopewa usiku waliongeza nyama mwilini, wa mchana hawakuongeza. Asubuhi naye asisubiri saa 4. Akiamka tu, apate kitu.

Sasa protini. Kijana wa Himo, ulichosema kilikuwa kinafundishwa kweli, hata mimi nilikifundishwa. Lakini kiliachwa. Barcelona waliwachukua wagonjwa ambao tayari walikuwa wamechanganyikiwa kwa sababu ya ini, nusu wakawabania protini, nusu wakawapa ya kawaida. Utafiti ukatoka mwaka 2004. Waliobaniwa hawakupata nafuu yoyote ya kichwa, ila miili yao ilizidi kujivunja. Na hiyo amonia unayoiogopa, ini likishindwa kuisafisha, msaidizi wake mkubwa ni misuli. Ukimkausha mtu misuli kwa kumnyima nyama, umeiondoa sehemu ambayo amonia ingekwenda. Mwongozo wa madaktari wa ini wa Ulaya unasema gramu 1.2 mpaka 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 55 za mzee ni kama gramu 66 mpaka 82.

Jikoni kwako maana yake nini? Yai moja lina gramu 6 hivi. Glasi ya maziwa 8. Kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Vipande viwili vidogo vya nyama kwenye mtori, 15 au zaidi. Ongeza ugali, mkate, mboga, karanga kwenye uji, unafika bila kuumiza kichwa. Ndizi tupu na papai hazikufikishi hata robo. Wengine nyama nyingi kwa mkupuo inawachanganya akili kweli. Hao wapewe zaidi maharage, choroko, maziwa na mtindi, maana mwili wao unavipokea vizuri zaidi. Ila hakuna anayeshushwa mpaka sifuri.

Asile milo mitatu mikubwa. Tumbo lina maji, linabana, atashiba kwa vijiko vinne. Mpe kidogo kidogo, mara tano sita kwa siku.

Kinga sasa. Kaka zako wana nia njema lakini wamekosa mahali pa kugonga. Damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini, na humo kuna seli zinazonasa bakteria waliojipenyeza. Ini likijaa makovu, damu inatafuta njia za pembeni na bakteria wanapita nayo. Pombe nayo imeshachubua ukuta wa utumbo, wanapenya wengi zaidi. Halafu protini nyingi za damu zinazopigana na vijidudu hutengenezwa na ini hilohilo. Unaona basi kwamba kinga ya mzee haikushuka kwa kukosa kopo la vidonge. Kinachoipandisha ni pombe kukaa mbali, chakula cha kutosha, na chanjo. Kwa kuwa homa ya ini B hana, ulizia achanjwe. Ulizia pia ya nimonia na ya mafua makali.

Kuna vitu viwili vya dukani ambavyo naviheshimu, ila kwa maelekezo ya daktari. Cha kwanza ni vitamini B1, maana mnywaji wa muda mrefu huwa hana, na kuikosa kunaweza kumharibu ubongo. Cha pili ni zinki, ambayo pombe na dawa za kukojoa huimaliza, na ikipungua chakula kinakosa ladha na kidonda kinachelewa kufunga. Huenda kidonda cha mguu kinahusika hapo. Lakini soma vizuri yale makopo. Yakiwa na vitamini A nyingi, weka pembeni, kwa ini la namna hii inageuka sumu. Na madini ya chuma asipewe mpaka damu ipimwe ionekane inayahitaji.

Mwarobaini na "kusafisha ini", sitaki kugombana na mtu hapa. Chochote anachokunywa kinapita kwenye ini lile lile lililochoka. Kama kuna chupa ndani ya nyumba, ipeleke kliniki daktari aione.

Chumvi mlielekezwa sawa. Gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo ya mkate na ya kila kitu. Msiende chini sana mpaka chakula kikose ladha akakisusa, maana hapo mtakuwa mmemnusuru na maji mkamuua na njaa. Tumieni ndimu, tangawizi, vitunguu, nyanya, giligilani. Vile vidonge vya supu na viungo vya pakiti acheni kabisa, ni chumvi iliyovaa suti. Na zile chumvi mbadala msinunue, nyingi ni potasiamu, na spironolaktoni tayari inaibakiza potasiamu mwilini.

---

Binti wa Kibosho

Mama, Mungu akubariki. Hesabu ya saa 15 imenikalisha chini.

Naomba kuongeza maswali ya jikoni. Kwetu kiburu, ndizi na maharage, hakipikwi bila magadi, hata maharage tunaweka yaive haraka. Ndizi nazo tunaambiwa zina potasiamu, na sisi tunakula ndizi asubuhi mchana jioni, nifanyeje? Maziwa tunakamua wenyewe, mtindi tunagandisha mabichi kwenye kibuyu kama alivyofanya bibi. Na lile la mbege hujanijibu.

---

Mke wa Baharia, Tanga

Dada, pole. Mimi nina mume aliyeugua haya haya, na kwetu ilikuwa fedheha mara mbili kwa sababu sisi Waislamu na alikuwa anakunywa kwa kificho. Majirani niliwaambia ni homa ya ini tu.

Nakuongezea mambo mawili ambayo hayajasemwa.

La kwanza, kikohozi. Mume wangu alikohoa na kukonda, tukasema ni ini hilo. Nesi mmoja kijana ndiye aliyeng'ang'ania makohozi yapimwe, yakaonyesha TB. Mnywaji sana ni rahisi kushikwa na TB, na ini likichoka ndiyo kabisa. Dawa zake hospitali za serikali ni bure, ila zenyewe ni nzito kwa ini, kwa hiyo alikuwa anapimwa damu mara kwa mara na dawa zikapangwa upya kwa ajili yake. Kama kifua cha mzee hakijapimwa, kipimwe.

La pili huenda halimhusu baba yako ila kuna atakayesoma. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia mume wangu alitaka kufunga yote. Ndiyo kwanza ameacha pombe, kwake ilikuwa toba. Nilimwelewa, na nililia. Daktari akakataa kwa sababu hiyohiyo aliyoieleza mama hapo juu, ini halivumilii saa nyingi bila chakula. Tukaenda kwa sheikh. Akamwambia mgonjwa asiyetarajia kupona halazimiki, alishe maskini mmoja kwa kila siku. Tukawa tunapika futari tunampelekea mzee mmoja wa mtaani, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anaibeba. Ilimtuliza kuliko dawa.

Kwa chakula, kwetu adui alikuwa papa mkavu na ng'onda. Nimeroweka, nimechemsha nikamwaga maji, chumvi haitoki yote. Nikahamia samaki wabichi wa tui na ndimu, hakulalamika.

---

Afisa Lishe Mstaafu

Mke wa Baharia umesema jambo la maana. TB isisahaulike.

Binti, magadi nayo ni sodiamu kama chumvi. Kiburu cha mzee kipike bila magadi. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, yataiva tu, moto utazidi kidogo. Hata magadi-soda ya kwenye maandazi ni yaleyale.

Ndizi usimnyime, ndicho chakula anachokijua na ukikiondoa hatakula kingine. Ila hakikisha kila kliniki wanampima potasiamu na figo. Ikipanda, daktari atapunguza dawa au mtabadilisha ndizi baadhi kwa wali na ugali.

Maziwa chemsha kwanza yafoke, ndipo uyapooze uyagandishe. Bibi alikuwa sahihi kwa tumbo la bibi. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi na hata TB ya ng'ombe, na mzee wako hana ulinzi. Hivyo hivyo kisusio, ile supu ya damu, na nyama ya kuchoma inayotoa damu katikati, asile. Nyama iive.

Karanga na mahindi, chagua kwa jicho. Punje yenye ukungu, iliyokunjamana au yenye rangi ya ajabu, tupa, usiwape hata kuku. Sumukuvu inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Ukambani kule Kenya mwaka 2004 iliua watu 125 kwa mahindi, na kwetu Dodoma na Manyara ilitupiga mwaka 2016. Sembuse ini lililokwisha kuchoka.

Maumivu yakimshika, asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, hata kama muuza duka anasema ni ya kawaida. Zinaumiza figo na zinaweza kumtoa damu tumboni. Panadol anaweza, isizidi vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku nzima.

Mbege. Waambie wazee hivi: ulezi upo, ndizi ipo, na pombe ipo. Kwa ini lililofika hapo hakuna kiasi kidogo salama. Wakitaka kumkirimu wamletee togwa ya siku hiyohiyo, haijalala. Adabu inakuwepo, na mzee anabaki na kitu cha kushika mkononi wenzake wanapokunywa. Hilo usilidharau, wanaume wengi hurudi kilabuni kwa sababu ya upweke, si kiu.

Na kwa wanaosoma ambao mgonjwa wao bado anakunywa kila siku: msimfungie ndani aache ghafla. Anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa vibaya ndani ya siku mbili tatu. Aache hospitalini, kuna dawa za kumvusha.

---

Mtoto wa Himo

Mama nimekuelewa, ingawa mjomba alipona kweli.

---

Afisa Lishe Mstaafu

Mjomba aliacha pombe?

---

Mtoto wa Himo

Aliacha.

---

Binti wa Kibosho

Nimeanza na uji wa maziwa wa saa 3 usiku. Siku ya kwanza alinuna, akasema namlisha kama mtoto mchanga. Nikampa mkate na yai badala yake, akala. Shangazi ameona yai, hatujasemeshana tangu jana.

Nahofia jambo moja. Mchana analala sana, usiku macho makavu, anatembeatembea sebuleni. Nilidhani ni uzee.

---

Afisa Lishe Mstaafu

Usisubiri kliniki, mpeleke kesho. Kulala mchana na kukesha usiku mara nyingi ndiyo dalili ya mwanzo ya kichwa kuguswa na ini, kabla hajaanza kuongea visivyoeleweka. Mwambie aandike jina lake, linganisha na sahihi yake ya zamani. Mwambie anyooshe mikono mbele kama anasukuma mlango, uone kama viganja vinapigapiga. Angalia choo: laktulosi inatakiwa impe choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Wengi wanaipunguza kimyakimya kwa sababu ya aibu ya kukimbilia chooni.

Na waambie wapime tena maji ya tumboni. Kwa mgonjwa wa ini maambukizi huweza kuja bila homa kabisa, dalili ikawa kuchanganyikiwa tu, au mkojo kupungua, au tumbo kuuma kidogo. Yai la usiku usiliache kwa sababu hiyo. Aendelee kula.

---

Binti wa Kibosho

Asante mama. Nimeuliza choo, kumbe alikuwa anakunywa laktulosi nusu ya dozi na nyingine anamwaga kwenye migomba. Tunaondoka saa 12 asubuhi.

---

Mke wa Baharia, Tanga

Mama wa lishe, dagaa je? Huku kwetu dagaa wa Zanzibar wanachemshwa na chumvi kabla ya kuanikwa.

---

Afisa Lishe Mstaafu

Hao waache. Tafuta dagaa wa Mwanza, wengi wanaanikwa juani bila chumvi. Onja mmoja kabla ya kununua, ulimi utakwambia. Tatizo lao ni mchanga. Toa vichwa, loweka kwenye maji ya moto, wainue kwa mkono uwaachie mchanga chini, usimimine. Rudia mpaka maji yawe safi, kisha kaanga na nyanya na kitunguu kingi.